Mwanga uliofungamana au vituo vya kawaida? Ulinganisho kwa anayetaka kupima kutoka Goma

Jumamosi nyingi hukaa na kundi la wanafunzi wa fizikia hapa Goma, karibu wote wakitafuta mada ya kazi yao ya mwisho wa masomo. Safari hii walikuja na wazo ambalo walikuwa wameshalipenda kabla hawajaketi: kuuzunguka mlima wa volkano wa Nyiragongo kwa vihisi vinavyogawana mwanga mmoja uliofungamana kikwanta, ili vituo vilivyo mbalimbali vipime kana kwamba ni chombo kimoja. Mmoja wao akauliza, "Mwalimu, tukiandika ombi la fedha tuweke hilo, au tubaki na vituo vya kawaida?"

Kabla sijajibu, Mama jirani aliyekuwa akipita na bidoni zake za maji alisimama kutusikiliza. Nyumba yake ya kwanza ilifunikwa na lava mwaka 2002. Akauliza lake: "Hiyo taa yenu itanipa dakika ngapi za kukusanya watoto?"

Wadogo zangu, ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya maswali yote mawili. Nimeyapima kwa mizani moja, kwa sababu anayeishi chini ya mlima huu hana nafasi ya kuchagua chombo kwa uzuri wa jina lake.

Njia zenyewe ni zipi

Kipimo chochote kinachotumia mwanga kina kelele yake ya asili. Mwanga hufika kwa chembe, fotoni, na chembe hizo hufika kama mvua juu ya bati: hata mvua ikinyesha kwa nguvu ileile, ukihesabu matone ya kila sekunde hutapata idadi moja mara mbili. Fotoni 10,000 zinakupa kosa la karibu asilimia 1. Ili kosa lishuke hadi asilimia 0.1 unahitaji fotoni milioni 1. Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, ndiyo maana usahihi ni ghali.

Njia ya kwanza ndiyo tunayoijua wote. Kila kituo kina chombo chake na mwanga wake, kinapima peke yake, kisha namba zinatumwa kwa redio au kwa mtandao wa simu na kujumlishwa ofisini. Vituo 9 vinapunguza kosa la bahati mara 3, vituo 16 mara 4.

Njia ya pili ni mwanga uliobanwa. Wimbi la mwanga lina pande mbili za kelele, na sheria za kwanta haziruhusu zote mbili zinyamaze pamoja. Zinaruhusu, hata hivyo, kuubana upande mmoja huku mwingine ukivimba. Ukiuelekeza upande ulionyamaza kwenye kile unachokipima, umepata chombo tulivu kuliko mvua ya kawaida. Jambo hili lilionyeshwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Mwaka 2016 kundi la Hannover, Ujerumani, lilifika desibeli 15, yaani mtawanyiko wa kelele ulibaki kama asilimia 3 tu ya ule wa kawaida. Na si mchezo wa maabara peke yake: vyombo vya LIGO vya Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vimeutumia mwanga uliobanwa katika kazi yao ya kila siku ya kusikiliza mawimbi ya mvutano tangu 2019, na GEO600 ya Ujerumani ilianza 2010.

Njia ya tatu ndiyo iliyowavutia. Unachukua mwanga uliobanwa kutoka chanzo kimoja, unaupitisha kwenye vioo vya kugawa mwanga, na kila kituo kinapata fungu lake. Kuanzia hapo mafungu yamefungamana. Tuseme vituo ni vinne na mwanga umebanwa kwa desibeli 10. Kituo kimoja kikijisikiliza peke yake hakioni ajabu yoyote, mtawanyiko wa kelele yake ni kama asilimia 78 ya kawaida. Lakini ukichukua wastani wa vituo vyote vinne, kelele zinafutana na kubaki asilimia 10. Utulivu haumo ndani ya kituo chochote, umo katika jumla yao. Mimi bado nashangaa kila ninapoiandika hesabu hii ubaoni, na nadhani ni haki kushangaa.

Jaribio la vituo vinne vya namna hii lilifanywa Denmark na kutangazwa mwaka 2020. Mwaka uleule kundi la Arizona likaonyesha vihisi vitatu vilivyofungamana vikipima mawimbi ya redio. Katika hali bora, bila upotevu wowote, vituo 9 vilivyofungamana vinaweza kupunguza kosa mara 9 badala ya mara 3. Hiyo ndiyo ahadi yake kamili, na ndiyo iliyowafanya mje mbio.

Kuna njia ya nne ambayo hamkuitaja: kuifanya kebo ya faiba yenyewe, zile nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga wa mawasiliano, iwe kihisi. Nitairudia, kwa sababu kwa Goma nadhani ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kelele inayokusumbua inatoka wapi?

Hili ni swali la kuuliza kabla ya bei, kabla ya umbali, kabla ya yote. Mwanga uliobanwa na mwanga uliofungamana hupunguza kelele ya mwanga wenyewe. Kelele nyingine zote zinabaki zilivyo.

Sasa wekeni sismomita, chombo cha kupima mitetemo ya ardhi, pale Munigi au Rusayo chini ya mlima, mfungue rekodi ya saa moja. Mtaona malori ya barabara ya Rutshuru, upepo kwenye miti, mawimbi ya ziwa Kivu yakipiga ufukwe, jenereta za mtaa umeme ukikatika, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba makaa zikishuka kwenye mawe. Juu ya hayo yote kuna mlima wenyewe, ambao hata ukiwa umetulia haunyamazi, na Nyamulagira jirani yake. Ile mvua ya fotoni iko chini kabisa, imezikwa na sauti hizi zote. Ukiiondoa, rekodi yako haibadiliki hata kwa unywele.

Jambo zito zaidi ni lile la tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa Jumamosi, jioni. Lava ilitoka ubavuni mwa mlima kwa muda wa saa kama sita, ikakata barabara ya kwenda Rutshuru na kufika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watafiti waliochambua rekodi walitangaza mwaka 2022 kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili zinazoonekana. Maelezo yao ni kwamba mwili wa mlima ulipasuka kwanza, lava iliyokuwa imehifadhiwa karibu na juu ikamwagika, na ndipo magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliposogea chini ya ardhi, ikapita chini ya Goma na Gisenyi hadi chini ya ziwa, ufa wa urefu wa kilomita 25 ukiwa kwenye kina kisichofika mita 500. Mpangilio ulikuwa kinyume cha kile vitabu vinachofundisha.

Kwa hiyo kilichokosekana siku ile hakikuwa unyeti wa chombo. Tatizo kubwa lilikuwa jiwe lililochanika bila kubisha hodi. Mbele ya tukio la namna hiyo, kinachosaidia ni vituo vingi, vilivyo karibu na mahali panapopasuka, vilivyo hai saa ile, na watu wanaosoma rekodi usiku na mchana. Mwanga uliofungamana hauna cha kuongeza hapo.

Linganisheni na LIGO. Wao walishapambana na kelele za ardhi kwa kuvitundika vioo kwa tabaka juu ya tabaka, wakaondoa hewa ndani ya mabomba, wakaongeza nguvu ya leza hadi vioo vikaanza kupata joto. Walipofika mahali ambapo kizuizi kilichobaki ni mvua ya fotoni, ndipo mwanga uliobanwa ukawa na maana. Tena vyombo vyao viwili, Hanford na Livingston, viko kama kilomita 3,000 mbali, na havigawani mwanga uliofungamana. Kila kimoja kina mwanga wake uliobanwa, na data zinalinganishwa kwa saa za GPS. Hiyo ni njia ya kwanza na ya pili zimeungana, na imetosha kusikia nyota nzito zikigongana mbali kabisa na sisi.

Unataka jumla, au unataka kila mahali peke yake?

Hapa wengi huteleza, hata walioandika ombi la fedha kwa uangalifu. Faida ya mwanga uliofungamana ipo pale tu unapotafuta namba moja inayotokana na vituo vyote: wastani wao, tofauti ya viwili, au jumla yenye uzito fulani kwa kila kituo. Ukitaka kujua thamani ya kila kituo kivyake, mfungamano haukupi nafuu.

Mfano wa karibu ni mazuku. Kila mkazi wa hapa anajua zile sehemu za chini ambapo hewa nzito ya kaboni inalala asubuhi, mbuzi anaingia hatoki, na mtoto akiinama kuokota kitu anaanguka. Pale hakuna anayehitaji wastani wa mashimo kumi. Shimo moja linaua huku jirani yake likiwa salama, na mzazi anataka kujua hili la nyuma ya nyumba yake. Kihisi cha gesi cha kawaida, kimoja kwa kila shimo, kikiwa na king'ora, kinamaliza kazi. Kuleta mfungamano hapo ni kukosea swali.

Mfano wa upande wa pili: mlima ukivimba, ubavu wa Kibati na ubavu wa Rusayo unainama pande tofauti. Tofauti ya mwinamo kati ya vituo viwili ni namba moja inayotokana na vituo vyote. Kwa umbo la hesabu, hilo ni swali ambalo mwanga uliofungamana umetengenezwa kulijibu. Ndiyo maana siwalaumu kwa kulipenda. Umbo linafaa, ni kelele ya ardhi na umbali vinavyoliharibu.

Kuna kosa jingine dogo ambalo nilikuwa nalo mwenyewe kwa muda mrefu. Nilidhani vituo vinne vilivyofungamana lazima vishinde vituo vinne vyenye mwanga uliobanwa, kila kimoja na chanzo chake. Si lazima. Ukiwa na vyanzo vinne, vyote vimebanwa kwa desibeli zilezile 10, wastani wao unafikia utulivu uleule. Kinachookolewa na mfungamano ni rasilimali: chanzo kimoja kinafanya kazi ya vinne, na kwa idadi ileile ya fotoni zilizobanwa unapata zaidi. Kwa hiyo kati ya njia ya pili na ya tatu, swali ni kipi ni kigumu zaidi kwako: kuwa na vyanzo vingi, au kusafirisha mwanga mmoja laini hadi vituo vyote.

Umbali, adui mkubwa

Kutoka Goma mjini hadi kreta ni chini ya kilomita 20 kwa mstari ulionyooka. Kebo haifuati mstari ulionyooka. Faiba nzuri ya mawasiliano, kwa rangi ya mwanga inayopita vizuri kuliko zote, hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Kwa simu na intaneti hilo si kitu, unaweka kikuza-mwanga njiani. Mwanga uliobanwa haukuzwi hivyo: kikuzaji kinaongeza kelele yake, na utulivu uliokuwa umeulipia unaisha. Na kila fotoni inayopotea, nafasi yake inachukuliwa na kelele ya kawaida.

Nimekokotoa kwa mwanga uliobanwa desibeli 10, nikichukulia kwamba maungio ya kebo na vipokezi havipotezi kitu. Kwa kweli vinapoteza, kwa hiyo hesabu hii ni ya huruma.

| Urefu wa kebo | Mwanga unaofika | Kelele iliyobaki (mwanzo ilikuwa asilimia 10) |
|---|---|---|
| km 1 | 95% | 14% |
| km 5 | 79% | 29% |
| km 10 | 63% | 43% |
| km 20 | 40% | 64% |
| km 50 | 10% | 91% |
| km 100 | 1% | 99% |

Kilomita 100 ni karibu umbali wa Goma hadi Bukavu kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa. Ukituma mwanga wa gharama kubwa kutoka hapa, Bukavu watapokea mwanga wa kawaida.

Satelaiti? China ilirusha Micius mwaka 2016, na mwaka uliofuata ilifikisha jozi za fotoni zilizofungamana kwenye vituo viwili vilivyo kilomita 1,200 kati yao. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini chombo kilitengeneza mamilioni ya jozi kwa sekunde, na zilizofika zikapokelewa pande zote mbili zilikuwa kama moja kwa sekunde. Hiyo inatosha kuthibitisha kwamba mfungamano unadumu kwa umbali ule. Kupima mtikisiko wa mlima kwa jozi moja kwa sekunde haiwezekani.

Sasa hesabu ambayo ningependa kila mmoja wenu aifanye kwa mkono wake. Kubana mwanga kwa desibeli 10 kunakupa utulivu uleule ambao ungepata kwa kuongeza nguvu ya leza mara 10. Baada ya kebo ya kilomita 10, desibeli 10 zimeshuka hadi kama 3.6, ambazo ni sawa na leza yenye nguvu mara 2.3. Yaani jibu lilelile ungelipata kwa kununua leza kubwa kidogo. Kwa hiyo jiulizeni: kuna kitu kinachonizuia kuongeza mwanga? LIGO wanacho, vioo vyao vinapata joto. Anayeangalia chembe hai kwa darubini anacho, mwanga mwingi unaziua. Kituo cha mwinamo Kibati hakina kizuizi hicho. Pale ambapo unaweza kuongeza mwanga, ongeza mwanga.

Kebo inayotikisika: kwa mmoja ni maradhi, kwa mwingine ni dawa

Ili vituo vilivyofungamana vielewane, haitoshi fungu la mwanga lifike. Vituo vyote lazima vikubaliane juu ya mapigo ya wimbi, kwa kosa dogo kuliko urefu wa wimbi lenyewe, ambao ni kama sehemu moja na nusu ya elfu ya milimita. Kebo iliyofukiwa kandokando ya barabara ya Goma inarefuka na kufupika zaidi ya hapo kila lori linapopita, jua linapochomoza, na ardhi inapotetemeka. Mtaalamu wa njia ya tatu anatumia nusu ya vifaa vyake kuifuta mitikisiko hiyo.

Njia ya nne inaigeuza hali hiyo. Unaweka chombo kimoja mwisho wa kebo, kinatuma mapigo ya leza ya kawaida kabisa ndani ya uzi mmoja usiotumika. Kioo cha uzi kina kasoro ndogondogo zinazorudisha chembe kidogo ya mwanga kutoka kila mahali. Kebo ikivutwa mahali fulani, mwanga unaorudi kutoka pale unabadilika. Kwa muda ambao mwangwi umechukua kurudi, unajua ni kilomita ngapi, hata ni mita ngapi. Uzi mmoja wa makumi ya kilomita unakuwa maelfu ya vihisi vilivyopangana, na hakuna betri hata moja njiani.

Hakuna mfungamano hapo, hakuna kubanwa, na bado ni mwanga unaopima mahali pengi kwa pamoja, jambo lenyewe mlilolitaka. Huko Etna, Italia, watafiti walifukia faiba karibu na kilele wakasikia pumzi za mlima. Iceland, kwenye rasi ya Reykjanes, kebo ya mawasiliano ya kama kilomita 100 ilianza kusikilizwa kwa njia hii Novemba 2023, na magma iliposogea karibu na mji wa Grindavík mwendo wake ulionekana dakika kwa dakika.

Fikirini tena ule ufa wa 2021, kilomita 25, chini ya mita 500, ukipita chini ya mitaa yetu. Faiba iliyofukiwa mjini ingekuwa imelala juu yake. Hii ndiyo sababu moyo wangu unaegemea upande huu. Hata lava ikikata kebo, sehemu iliyobaki upande wa chombo inaendelea kusikia, na mahali ilipokatika panajulikana mara moja.

Ina shida zake. Data ni nyingi mno, inajaza diski kwa siku chache, na lazima mwenye kebo akubali kukuachia uzi. Faiba iliyofungwa juu ya nguzo haifai kama iliyofukiwa, upepo unaitawala. Na kebo haisikii vizuri kila mwelekeo wa wimbi, kwa hiyo sismomita haziondoki.

Mikono, umeme, ulinzi

Hapa nitapita haraka. Chanzo cha mwanga uliobanwa kinahitaji meza nzito isiyotikisika, fuwele inayotunzwa kwenye joto lisilobadilika, na mtu wa kulinganisha vioo kila inapobidi. Maabara moja yenye umeme thabiti inaweza. Kituo cha mlimani kwenye paneli ya jua hakiwezi. Sismomita inataka betri, paneli, uzio na mlinzi anayelipwa. Chombo cha faiba kinataka chumba kimoja chenye umeme, mjini, chini ya macho yenu.

Msichanganye pia neno "kwanta" na mfungamano. Etna kuna kipimo cha mvutano kinachotumia atomi zilizopozwa, kimefanya kazi tangu 2020 kwenye kituo kilicho juu ya mlima, kwenye mwinuko wa kama mita 2,800, na kimeona mabadiliko ya uzito chini ya ardhi. Ni chombo cha kikwanta kweli, kinavumilia mlima, na hakihitaji mfungamano na kituo kingine chochote. Mkitaka neno kwanta katika ombi lenu, hilo lina haki ya kuwemo.

Ningechagua nini

Kwa mlima, fedha zikiwa ndogo, ningeongeza vituo vya kawaida kwenye nyufa za kusini, kati ya kreta na mji, na kuhakikisha vilivyopo havizimiki. Fedha zikiwa za kutosha, ningeongeza chombo cha faiba kwenye kebo iliyofukiwa ya kuelekea kaskazini. Mwanga uliofungamana nisingeuweka katika bajeti hiyo hata franka moja, na nilimwambia hivyo Mama jirani: hautamwongezea dakika. Kituo kilicho hai karibu na ufa kinaweza kumwongezea. Akauliza nani atakilinda usiku, na hilo nimeliandika kwenye orodha ya gharama.

Kwa ziwa Kivu, lenye kama kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani zilizoyeyuka ndani yake, kinachotakiwa ni kushusha vipimo vya joto, chumvi na gesi hadi vilindini, mara kwa mara, mahali palepale. Swali ni la kila kina peke yake. Njia ya kwanza, basi.

Kwa kazi ya mwisho wa masomo jibu langu linageuka, na hapa nawatia moyo kwa dhati. Somo la mwanga uliofungamana ni zuri sana kwa kompyuta moja na mtu mmoja mwenye subira. Hamhitaji fuwele. Chukueni vituo vitatu, muweke upotevu wa kebo halisi wa Goma, muweke kelele ya ardhi mliyoipima wenyewe kwa sismomita, kisha mtafute ni kwa umbali gani na kwa kelele kiasi gani njia ya tatu inaanza kuishinda ya kwanza. Mimi natarajia mtaikuta mipaka ndani ya jengo moja, vyumba viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa mita mia chache za faiba, na vyombo ambavyo haviruhusu mwanga mwingi. Nikikosea, nitafurahi kukosolewa na hesabu yenu. Atakayependa zaidi vifaa vya mkononi achague faiba: uzi wa kilomita chache, leza ndogo, kipokezi, na barabara ya Katindo yenye malori yake.

Jumamosi ijayo nitaleta rekodi ya saa 24 ya kituo kimoja, kelele zote zikiwa ndani. Kila mmoja aje na jedwali lake la upotevu kwa kebo aliyoichora yeye, maungio yakiwa yamehesabiwa.